Mshale Usio na Sumu

Mume wangu Alio akiwa anachagua chembe cha mshale, yaani kile chuma cha mbele, usimsemeshe. Hatakujibu, na ukirudia atakutazama kana kwamba umemkanyagia mkeka wa swala. Jambo hilo ndilo la kwanza alilonifundisha baada ya harusi: kunyamaza. Anayenijua mimi Weris atakwambia kwamba mtu huyo alifanya kazi kubwa.

Kwetu ni wafugaji. Kwetu mtu ni ngamia wake, na asiye na ngamia husalimiwa mwisho. Alio alizaliwa upande wa msituni, kusini ya Sangailu, kwa watu wa upinde. Wanaswali kama sisi, wanafunga kama sisi, wanazika kama sisi, ila mifugo hawana, na kwa kosa hilo tu watu wetu huwahesabu kuwa nusu watu. Nilipokubali kuolewa naye, mama alilia, shangazi zangu wakanifungia milango, na kaka yangu Bulle akasema hatamtamkia neno mwindaji huyo maisha yake yote. Alitimiza. Alipokuwa na haja naye alipitia kwangu, hata kama wamekaa hatua mbili tu. “Mwambie huyo.” Basi. Alio naye, badala ya kukasirika, akaona ni jambo la kuchekesha, akawa anajibu kwa njia ileile. Mimi ndiye niliyechoka, maana nilikuwa ulimi wa wanaume wawili ilhali wa kwangu ulinitosha.

Katika ule ukame wa mwaka tisini na mbili, Bulle alitujia. Hakuja kwa mapenzi. Ngamia wake walikuwa wameanguka mmoja baada ya mwingine njiani, mbuzi walikwisha kabla ya ngamia, na mkewe Qali alikuwa amejifungua chini ya mti katikati ya safari. Alimleta kwangu akiwa amemshika kiunoni. Nilipomwona mke wa kaka yangu, aliyekuwa mwanamke wa kujaza mlango, nikamkuta amebaki mifupa na macho, niliingia nyuma ya kibanda nikalia kwanza ndipo nikatoka kumkaribisha.

Maziwa ya Qali yalikuwa yamekauka. Mtoto alinyonya ngozi tupu, akalia, kisha kulia kukapungua, na kupungua huko ndiko kulikotutisha. Katika vibanda vyetu hapakuwa na mwanamke mwingine mwenye kunyonyesha, wala mbuzi wa kukamua. Mahindi ya msaada yalikuwa yamekwisha, na lori jingine halikufika kwa sababu njia ilikuwa na watu wenye bunduki. Tulichobaki nacho ni unga kidogo, na uji wake Qali aliutapika.

Khadijo, mkunga wetu, alitoka kibandani asubuhi moja akaniita kando. Hakuwa mtu wa kupaka maneno asali.

“Huyu mama anataka nyama na mchuzi,” akasema. “Leo. Mama bado ana nguvu kidogo ya kungoja, mtoto hana.”

Nyama ilikuwa moja tu, ile iliyotembea porini. Serikali ilikuwa imepiga marufuku uwindaji tangu nikiwa msichana, na Alio alilijua hilo kuliko mimi. Lakini upinde hauna sauti. Askari hawausikii, wala wale wenye bunduki, ambao siku hizo niliwaogopa zaidi. Nikamwendea Alio, naye alikuwa amekwisha kutoa podo la mishale na kulimwaga juu ya ngozi. Bulle alisimama pembeni, mikono nyuma.

“Mwambie mumeo,” Bulle akaniambia, “mke wangu hali nyama ya sumu.”

Hapa lazima nieleze. Mshale wa kawaida wa Alio una chembe chembamba kilichofuliwa kwa msumari wa inchi sita, kikapakwa sumu ya mti nyeusi kama lami, kikafungwa kwa kingozi isikauke. Mwindaji hupiga kwa mbali, kisha hukimbia kumfuata mnyama ili amchinje angali hai. Alio akimkuta amekwisha kufa humwachia tai, hata kama nyumbani tuna njaa. Nimelala njaa kwa ajili hiyo, najua ninachosema. Bulle hakulijua, na nilipomwambia hakusadiki. Kwake yeye, sumu ni sumu, na mtu wa upinde ni mtu wa mizoga.

“Dini ina mlango kwa mwenye kufa njaa,” nikamwambia. “Kala mizoga mtu mwema kuliko wewe, na Mungu akamsamehe.”

“Hatujafika huko,” akasema.

Mkewe ndiye aliyekuwa amefika huko. Bulle alikuwa bado amesimama kwa miguu yake. Nilitaka kumpiga kwa mwiko.

Alio hakuinua kichwa. “Mwambie nduguyo asihofu,” akasema. “Nitatumia chembe kipana, bila sumu. Mnyama atavuja damu, atalala karibu, na yeye mwenyewe atamchinja kwa mkono wake.”

Alisema kwa upole, lakini moyo wangu ulishuka. Chembe kipana hakipigwi kwa mbali. Sumu humpa mwindaji nafasi: akikosa moyo, akipata paja, kazi inafanyika. Chembe kipana hakina msaidizi. Lazima kipite mbavuni, na lazima mwenye upinde awe karibu kiasi cha kumwona mnyama akipepesa macho.

Alikuwa na vyembe vipana vya bati, alivyokata kutoka pipa la mafuta. Alikichukua kimoja, akakibonyeza kwa kidole gumba, kikapinda. Akakitupa. Bati hukata vizuri mpaka likutane na mfupa. Kisha akatoa kipande cha springi ya lori alichookota zamani kwenye barabara ya Modogashe. Nakumbuka dereva wa lori lililokuwa limeharibika pale alivyomshangaa, akamuuliza hicho chuma kibovu cha nini, na Alio akamjibu kwa Kiswahili chake, “Wewe wacha tu, hii chuma nafanya kazi mzuri.” Kilitosha chembe kimoja. Alikuwa amekwisha kukifua umbo la jani zamani, lakini hakuwahi kukifunga kwenye uti wa mshale kwa sababu kilikuwa kizito mno.

Siku hiyo alikipunguza. Alikisugua kwenye jiwe, chuma kikapungua upande huu, akakipima kiganjani, akapunguza upande wa pili. Mshale wenye kichwa kizito, alisema, huinamisha pua kabla ya kufika. Alipotosheka na uzito akanoa makali mpaka yakanyoa vinyweleo vya mkono wake. Akapasha moto gundi ya mgunga iliyochanganywa na majivu, akachomeka mkia wa chembe kwenye uti, akakizungusha mpaka makali yakasimama wima. “Mbavu za mnyama zimesimama,” akajisemea, “nacho kisimame, kipite katikati.” Kisha akatafuna kano kavu mpaka likalainika, akalizungusha kwenye shingo ya mshale, akalivuta kwa meno. Kano likikauka hubana kuliko waya.

Mwisho aliusimamisha mshale juu ya ukucha wa kidole gumba, akauzungusha. Chembe kikikaa sawa, mshale huzunguka umetulia. Kikienda upande, hata kwa unene wa unywele, mshale hutetemeka na kuuchezea ukucha. Huu ulitulia. Akauangalia tena, akaitikia kwa kichwa kwa kuridhika, akapaka makali mafuta ya mkia wa kondoo, yaliyochacha yasiyolika tena, yasipate kutu, na akaulaza juani juu ya kichaka ukauke. Kisha akaenda kujinyoosha kidogo kabla ya adhuhuri.

Haya yanayofuata niliyajua baadaye, lakini nayasema hapa ili usije ukamlaumu asiyehusika. Alio alikuwa na mbwa wa kuwindia. Mbwa akanusa mafuta, akainuka kwa miguu ya mbele, akalamba chembe chote kwa raha zake. Bulle aliona.

Sasa kila aliyekaa chuoni kusoma Kurani anajua: chombo alicholamba mbwa huoshwa mara saba, na moja kati ya hizo kwa mchanga. Bulle ni mtu wa kushika dini, hilo simnyimi. Mke wake angelishwa nyama iliyopitiwa na chuma chenye mate ya mbwa? Haiwezekani. Kumwamsha Alio amwambie? Hilo pia halikuwezekana, kwa kuwa hawasemezani. Kuniambia mimi? Alihofu nitamcheka, na ningemcheka. Basi akachukua mshale, akachukua kibuyu changu cha maji niliyoyatafuta mbali, akausugua kwa mchanga, akauosha, akauosha tena, mpaka saba zikatimia. Shingo na kano na yote. Akaupangusa kwa shuka yake na kuurudisha pale kichakani kama alivyoukuta. Nia yake ilikuwa safi. Angefanya kosa hilo nani mwingine, kama si mtu anayejua kila kitu kuhusu najisi na hajui lolote kuhusu kano?

Baada ya swala tukatoka. Bulle alikuja kwa sababu yeye ndiye atakayechinja. Mimi nilikwenda kwa sababu bila mimi wawili wale wasingeweza kuulizana hata njia.

Alio alitupeleka kwenye migunga iliyokuwa ingali inaangusha maganda, maana katika ukame ule wanyama walifuata maganda kama watoto wanavyofuata tende. Tulilala nyuma ya kichaka. Jua lilikuwa linachoma mgongo, nzi wakanitambaa machoni na sikuthubutu kuwafukuza. Nilikuwa namfikiria mtoto. Nilipomwacha alikuwa amefumbua kinywa bila kutoa sauti, na picha hiyo haikuniondoka.

Choroa walikuja watatu. Ni wanyama wazuri, na pembe zao ni mikuki miwili iliyonyooka. Simba mwenyewe hufikiri mara mbili. Alio akautoa mshale wa chembe kipana na, kwa mazoea tu, akausimamisha kwenye ukucha, akauzungusha.

Ukatetemeka.

Aliuangalia kama mtu aliyeitwa jina lisilo lake. Akagusa shingo ya mshale, akakuta kano limelegea, laini, na gundi imefanya unyevu chini yake. Akakibana chembe kwa vidole, kikacheza. Akageuka akatutazama, mimi kwanza, kisha Bulle, na Bulle akaangusha macho. Sikuelewa bado, ila nilijua kwamba kuna kitu kaka yangu amefanya.

Alio akagusa mishale ya sumu iliyokuwa podoni, akanyanyua nyusi kwangu. Nikaelewa. Nikamgeukia Bulle, nikamnong’oneza sikioni, “Anauliza, sumu?”

Jasho lilimtoka. Nilimwona akifikiri, wallahi nilimwona. Akatikisa kichwa: hapana.

Mdharau mwiba guu humwota tende. Lakini guu lililokuwa linangoja kuvimba halikuwa lake.

Alio hakubishana. Alikaza kano kwa meno kadiri alivyoweza, akakisukuma chembe kikae sawa, akaanza kutambaa. Nilielewa anachofanya: mshale mbovu ukipigwa karibu sana hauna muda wa kupotea. Akasogea mpaka pale ambapo mimi ningesimama. Akasogea tena. Choroa mmoja aliinua kichwa, akatafuna, akainamisha. Alio alikuwa karibu naye kiasi kwamba niliona vumbi la kwato likimwangukia kichwani. Akainuka kwa goti moja, nikasikia “Bismillahi” yake ikitoka pamoja na mlio wa upote, ile kamba ya upinde.

Mshale uliyumba hata katika nafasi ile fupi. Haukuingia mbavuni. Uliingia nyuma, juu ya paja, lakini makali ya springi yalikuwa makali ya kweli, na yalikata mshipa. Damu ikaruka. Wawili wakakimbia, wa tatu akaenda kidogo akipiga chenga, miguu ya nyuma ikamkataa, akageuza makalio kwenye kichaka cha miba na kutukabili kwa pembe.

Alikuwa hai, na alipaswa kuchinjwa akiwa hai. Damu ilikuwa inamwisha. Tungengoja atulie, angekufa mbele yetu akawa mzoga, na tungerudi kwa Qali mikono mitupu.

Bulle akachomoa kisu na kwenda.

“Mwambie asipite mbele,” Alio akanipigia kelele, nami nikafungua kinywa kumfikishia, neno lake lipite kwangu kama kawaida, lakini Bulle alikwisha kufika mbele. Maisha yake yote alichinja ngamia na mbuzi waliofungwa. Hakujua mnyama wa porini hufanya nini na kichwa chake.

Choroa aliinamisha shingo, na pembe zikaja kutoka chini. Alio aliingia kwa ubavu. Aliishika pembe moja kwa mikono yote miwili, ikapinduka naye, na ya pili ikampita chini ya kwapa ikatokea nyuma ya bega. Hakuiachia. Alikuwa ametundikwa, na bado ameishika, uso umemkauka, akiivuta shingo ya mnyama nyuma ili koo lifunguke.

“Chinja,” akasema. Hakusema mwambie achinje. Alisema chinja.

Bulle akataja jina la Mungu na kuchinja. Kisu kilifika. Damu ilipiga mpaka magotini mwangu. Ndipo tukamtoa Alio kwenye pembe, na sauti aliyoitoa sitaki kuieleza.

Nilimfunga bega kwa mtandio wangu. Bulle alibeba nyama yote aliyoweza, na tulipofika nusu ya njia na miguu ya Alio ikakataa, aliitundika nyama mtini, akambeba Alio mgongoni mpaka nyumbani, kisha akairudia nyama. Njiani Alio alikuwa anauma shuka, na mimi, kwa mara ya kwanza, sikuwa na la kufikisha.

Khadijo alichemsha mifupa. Qali alikunywa mchuzi kijiko baada ya kijiko, akatapika cha kwanza, cha pili kikakaa. Tuliketi nje tukingoja. Mkono ule wa Alio haukurudi kama zamani. Huu ndio mkono wake wa kuvutia upote, na tangu siku hiyo anawafulia wengine vyembe lakini yeye hapigi. Siku ile hatukulijua hilo. Tulikuwa tunasikiliza kibandani tu.

Asubuhi Khadijo alitoka akanionyesha kidole gumba kilicholowa maziwa. “Yameanza kutoka,” akasema. “Ananyonya.” Nikakaa chini palepale kwenye mchanga.

Alio alikuwa amelala kivulini. Bulle aliinuka mahali pake, akaja, akachuchumaa mbele yake. Nilidhani atanigeukia mimi. Hakunigeukia.

“Alio,” akasema. Lilikuwa neno lake la kwanza kwake. “Mbwa aliulamba mshale wako. Niliuosha ulipolala. Nadhani ndiyo maana ulilegea.”

Alio alimgeukia. “Uliuosha mara saba?”

“Saba.”

“Moja kwa mchanga?”

“Kwa mchanga.”

“Basi ulifanya sawa,” Alio akasema. Akafumba macho, akayafumbua. “Lakini seddi, shemeji yangu, mbona hukuniambia? Ningeuosha mwenyewe, kisha ningelikaza kano upya. Jua lilikuwa bado lipo.”

Siku zote alizokaa kwangu, Bulle alikuwa amemwona mtu huyu akitawadha na kusimama kuswali, na hata mara moja haikumjia kwamba angechukia mate ya mbwa sawa na yeye. Niliiona aibu ikimpanda mpaka masikioni. Kusema kweli nilifurahi, tena sana, kisha nikamwonea huruma, maana ni ndugu yangu.